Mai gani haya? Kutafuta kasoro kwenye mashua ndogo ya mvuke

Mwaka wa kwanza mashua yangu ndogo ya kuchezea, inayokwenda kwa mvuke na kuongozwa kwa rimoti, ilizimika mbele ya Shela, Lamu. Maji yalikuwa yamesimama, bahari shwari, na geji bado inaonyesha presha. Nilimwomba mtoto mmoja mwenye hori aniletee, kisha nikaanza kufungua vyombo palepale mchangani, kwanza sevo, vile vimota vinavyotii rimoti, halafu waya za betri. Mzee aliyeniundia kiunzi cha mashua hiyo, fundi wa majahazi kutoka Matondoni, alikuwa amekaa kivulini akinitazama. Hajawahi kushika injini ya mvuke maishani mwake. Aliinama, akagusa tone lililokuwa likidondoka kwenye dohani, bomba la moshi, akalisugua baina ya vidole viwili, akaniuliza: "Mai gani haya, mwanangu?"

Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, maji ni mai. Tone lile lilikuwa jeupe kama tui, linateleza: mafuta yaliyovurugwa na maji. Boila ilikuwa ikisukuma maji mazima hadi ndani ya silinda, nami niko kwenye waya za betri. Tangu siku ile swali lake ndilo ninaloanza nalo. Kasoro nyingi za chombo hiki, hata zile zinazojifanya kuwa za redio, ukizifuata hadi shinani utakuta maji: ya boila, ya mvuke uliopoa kwenye paipu, ya bahari, na mengine yaliyojificha mahali usipoyadhania.

Ili tuelewane kwa vipimo, mashua ninayoizungumzia ina urefu wa sentimita 95, ya mbao, ina mkuku (uti wa chini) na mataruma (mbavu) kama jahazi lolote. Boila ni ya shaba nyekundu, kipenyo milimita 75 na urefu milimita 150, imelazwa, inapashwa kwa bana, yaani kichomeo, ya gesi ya vibiriti. Injini ni ya silinda mbili zinazoyumba, na koki moja ya mvuke ndiyo inayofungua, kufunga na kugeuza mwendo. Sevo ni mbili tu, moja ya usukani na moja ya koki. Presha ya kazi ni 40 kwenye geji, yaani pauni 40 kwa inchi mraba, haipishani sana na gurudumu la bodaboda. Usidharau namba hiyo kwa sababu ya bodaboda. Upepo wa gurudumu ukitoka umetoka. Maji ya boila kwa presha ya 40 yana joto la nyuzi 140 hivi, na ukuta ukipasuka sehemu yake hugeuka mvuke palepale. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hujaza takriban lita 1,700.

Kwa hiyo kabla ya kasoro yoyote: usilegeze nati hata moja wakati geji iko juu ya sifuri. Kila safari, presha ikifika nusu, nyanyua vali ya usalama kwa koleo uone inapuliza na inarudi kukaa. Na kama boila yako imelehemiwa kwa risasi, ile ya mafundi redio, usiitie moto tena. Risasi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 183, na nguvu zake hupungua kabla ya kufika huko. Siku maji yatakapoisha ndani huku moto ukiwaka, viungo vitafunguka. Viungo vyangu nilifunzwa na sonara mmoja wa mtaa wa Langoni kuvilehemu kwa fedha, ambayo haiyeyuki mpaka uvuke nyuzi 600. Baada ya hapo nikajaza boila maji baridi pomoni, bila kuacha hewa, nikasukuma kwa pampu ya mkono hadi presha ya 80, mara mbili ya ile ya kazi. Maji hayabonyei kama hewa. Kiungo kibovu kikiachia hutona tu, hakiruki. Jaribio hilo narudia kila mwaka, na kila nikigusa kiungo.

Moto unawaka lakini presha haipandi

Anza kwa kusikiliza. Bana ya gesi iliyo sawa ina mvumo mmoja usiobadilika na mwali wa buluu. Mwali wa manjano unaolamba dohani unataka hewa. Swali hapa ni kama tatizo liko pia mezani au ni ndani ya mashua tu. Bana ikiwaka vizuri mezani halafu ikawa ya manjano ukishaweka sitaha, injini na bana hazina makosa: umeufungia moto pumzi. Mimi nilikuwa na sitaha nzuri mno, imebana kila upande. Nilikata madirisha mawili karibu na omo, yaani mbele, na kuinua kifuniko kidogo nyuma ya dohani, na siku hiyohiyo maji yalianza kuchemka kwa dakika 7 badala ya 15.

Mwali ukiwa mdogo na dhaifu hata mezani, tazama nozeli, pale gesi inapotokea. Kitundu chake ni chembamba sana, na gesi za kopo zina mafuta kidogo yanayogandia humo. Ifungue, iloweke kwenye tina usiku kucha, ipulize kwa upepo kutoka upande wa mwali kurudi nyuma. Usiichokoe kwa sindano. Kitundu kikipanuka kidogo tu, bana haitakuwa yako tena.

Mwali ukianza na nguvu kisha ukafifia katikati ya safari ilhali gesi ipo, shika tangi la gesi. Litakuwa baridi na linatoka jasho. Gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa hunyonya joto la tangi, na hata kwenye joto la Lamu tangi dogo linaweza kupoa kuliko mkono wako. Nililisogeza tangi karibu na paipu inayotoa mvuke uliotumika, pasipo kuigusa, na hilo lilitosha. Kinyume chake nacho kipo hapa pwani: tangi lililoachwa juani saa sita mchana hutoa gesi kwa nguvu hadi mwali unaruka na kujizima. Lifunike kitambaa kibichi.

Hapa niseme kwa ukali kidogo. Usijaze tangi la namna hii kwa gesi ya mtungi wa jikoni kwa sababu ni rahisi. Gesi ya vibiriti ni butane, na kwa nyuzi 30 haisukumi hata baa 3 (baa ni kipimo kingine cha presha). Gesi ya jikoni imechanganywa na propane, ambayo peke yake kwa joto hilohilo hupita baa 10. Tangi lililotengenezwa kwa ile ya kwanza halikuahidi chochote kuhusu ya pili.

Jambo jingine la gesi: ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikaondoka, inashuka hadi kwenye ngama, sakafuni mwa mashua, na kukaa kimya kama maji, ikingoja kiberiti. Kabla ya kuwasha, inua mashua, iinamishe tezi (nyuma) kisha omo kama unayemwaga maji, uipepee kwa kipepeo, halafu uwashe. Viungo vya gesi vipake povu la sabuni kila mara unapojaza tangi.

Wanaotumia spiriti wana mambo yao. La kwanza, mwali wa spiriti hauonekani kwenye jua la mchana. Mpwa wangu aliunguza nyusi akiniambia, "Mjomba, imezima." La pili ni yale maji niliyosema yamejificha. Spiriti hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya hapa haina uhaba wa unyevu. Chupa iliyokaa nusu mwezi kifuniko kikiwa kimelegea huwaka kivivu na kuacha matone kwenye utambi. Nunua chupa ndogondogo, uzibane.

Moto ukiwa sawa na presha bado haipandi, basi mvuke unapata njia ya kutokea. Vali ya usalama inayolia taratibu kwenye presha ya 20 mara nyingi ina chembe ya chokaa au ya chumvi kwenye kiti chake. Ifungue ikiwa baridi, isafishe, usage kwa mkono kwa dawa laini ya kung'arishia. Usikaze springi ili inyamaze.

Maji ya kutia ndani

Hii si dalili ya kasoro, ila nusu ya kasoro zinazofuata zinaanzia hapa.

Visima vya mji wetu vina chumvi, kila mtu anajua chai yake. Maji yanayotoka kwenye michanga ya Shela ni matamu kwa kunywa, lakini kunywa na kuchemsha hadi yakauke ni vitu viwili. Kila tone linalotoka kama mvuke linaacha madini yake nyuma, na boila ndogo haina pa kuyaweka ila ukutani na kwenye kioo cha maji. Mimi hutumia maji ya mvua, na si ya mvua ya kwanza. Mabati yaliyokaa kaskazi nzima yamejaa vumbi la chumvi kutoka baharini. Nangoja masika iyaoshe siku tatu nne ndipo nakinga. Maji ya paa la makuti yaache kabisa: yana rangi ya chai, na chochote kinachotia maji rangi hiyo kitayafanya yatoe povu ndani ya boila.

Kama huna hakika na maji yako, chukua kijiko, yachemshe juu ya kipande cha bati jipya la pua hadi yakauke. Ukiona duara jeupe, hicho ndicho utakachokuwa ukikirundika. Boila yenye utando tayari husafishwa kwa maji ya ndimu au unga wa ndimu uliochanganywa na maji ya uvuguvugu, usiku mmoja, kisha uisuuze mara tatu. Mama zetu wanang'arisha shaba kwa ndimu na ukwaju, na hapa kazi ni ileile.

Na vipande vya boila vifungwavyo kwa parafujo, kama vile vishikio vya koki na vizibo, visiwe vya shaba ya njano. Shaba ya njano ina zinki, na maji ya moto huila zinki hiyo polepole hadi kipande kinabaki na rangi ya waridi, kikivunjika kama biskuti. Tumia shaba nyeusi, ile iliyochanganywa na bati.

Mashua inatapika

Dohani inarusha matone ya moto, injini inagonga "ta, ta" badala ya kupumua, na presha inaanguka ghafla ukifungua koki. Hayo ndiyo maji aliyoyagusa mzee.

Sababu ya kawaida ni kujaza kupita kiasi. Boila yangu inabeba mililita 660 ikiwa pomoni, nami naitia 440, theluthi mbili. Nafasi iliyobaki ndiyo inayowezesha mvuke kuachana na maji. Kama kipimo ni sawa, basi uliza tena mai gani: povu hutokana na sabuni iliyobaki baada ya kuosha, mafuta, au chumvi iliyojikusanya safari baada ya safari kwa sababu unaongeza maji bila kumwaga ya zamani. Yamwage yote kila jioni.

Sababu ya tatu ni mkono wako. Ukifungua koki kwa pupa presha inashuka, na maji yaliyokuwa yametulia kwa nyuzi 140 yanachemka yote kwa mara moja na kupanda hadi kwenye tundu la mvuke. Fungua robo, ngoja, ongeza.

Mwisho, angalia paipu inapochukulia mvuke. Ichukue juu kabisa ya boila, na kama unaweza ipitishe mara moja kwenye moto kabla ya kwenda kwenye injini. Mzunguko mmoja wa paipu juu ya mwali hukausha mvuke kuliko dawa yoyote.

Injini haianzi

Presha ipo, koki wazi, kimya. Usiongeze presha. Shika gurudumu la injini kwa kidole, lizungushe taratibu. Kama linagoma mahali pamoja kana kwamba limegonga jiwe, silinda imejaa maji: mvuke wa kwanza umekuta chuma baridi ukarudi kuwa maji, na maji hayabonyei, kumbuka jaribio la pampu. Ukilazimisha utapinda fimbo ya pistoni. Lizungushe mbele na nyuma hadi maji yatoke dohani na mvuke uanze kupita. Mwanzo wa kila safari mimi hufanya hivyo mara ishirini, kwa kitambaa mkononi.

Gurudumu likizunguka bure na bado injini haiendi, sikiliza mlio wa "sss" kwenye nyuso mbili pale silinda inapoyumba. Silinda hizi zimeshikwa na springi. Springi ikilegea, mvuke unaisukuma silinda nje na kupita pembeni, na ikikazwa mno injini inajishika yenyewe. Kaza hadi mlio ukome kwenye presha ya kazi, na usipite hapo. Kama mlio haukomi, nyuso zimechubuka. Zisage juu ya kipande cha kioo kinene kwa unga laini wa msasa na mafuta, kwa mchoro wa namba nane, hadi rangi ya uso mzima iwe moja. Ni kazi ya alasiri nzima na ni kazi tamu.

Injini ya silinda moja ikisimama pale pistoni ilipofika mwisho wa njia haitajianzisha, ni maumbile yake. Kwa mashua ya rimoti tumia silinda mbili zilizopishana kwa robo mzunguko.

Rimoti haisikilizwi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili.

Mashua ilikuwa ikienda vizuri kwa dakika kumi, halafu usukani unaruka mara moja, koki inajifunga, kisha kila kitu kinarudi. Nilibadilisha betri. Nilibadilisha risiva, kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya rimoti. Nilihama mahali pa kuchezea nikidhani ni milingoti ya simu. Wapi.

Mambo ya redio yenyewe ni machache. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi maji ya bahari, kwa hiyo ile ncha tupu ya antena, milimita 31 ya mwisho, lazima iwe juu ya mstari wa maji, imesimama wima, na isijifiche nyuma ya boila. Boila ni ukuta wa shaba. Mashua ikigeuza tezi kwako na antena iko mbele ya boila, imeingia kivulini. Mimi niliipandisha ndani ya mlingoti wa mbele kwa mrija wa soda. Nawe usikae kwenye ngazi za gati rimoti ikiwa magotini: simama.

Nilipokwisha kufanya hayo yote kasoro ikabaki ileile. Siku moja nikaunganisha mita kwenye betri nikaendesha injini mezani kwa mvuke halisi dakika kumi na tano. Betri yangu ni ya seli nne, volti 4.8. Kila nilipozungusha koki, mita ilishuka hadi karibu na 3, risiva ikazima na kuwaka upya. Kwa hiyo redio haikupotea, iliishiwa nguvu. Na nguvu zilikwenda wapi? Sevo ya koki ilikuwa inajikamua kuzungusha koki iliyobana. Koki ilibana kwa nini, na ikiwa baridi inazunguka kwa kidole? Kwa sababu ilikuwa kavu, haina mafuta. Na mafuta hayakufika kwa nini, na kikopo cha mafuta nilikijaza asubuhi?

Kikopo hicho, kwa asiyekijua, kimeunganishwa na paipu ya mvuke kwa kitundu kidogo. Mvuke unaingia, unapoa, unakuwa maji, maji yanazama chini ya mafuta na kuyainua, nayo yanatoka kwa kitundu kilekile kidogokidogo na kusafiri na mvuke hadi kwenye koki na silinda. Mwisho wa safari kimejaa maji matupu. Kina kizibo chini cha kuyamwaga. Kizibo changu kilikuwa kimeganda kwa chumvi, nami nilikuwa nikiongeza mafuta kwa juu tu, juu ya maji ya jana, mafuta ya dakika kumi.

Kwa hiyo ukiona sevo inaruka, mwaga kikopo cha mafuta kabla ya kununua risiva. Mafuta yenyewe yawe yale mazito ya silinda za mvuke. Mafuta ya gari huoshwa na mvuke. Yale ya mvuke huchanganywa na shahamu kidogo ya mnyama ili yashike kwenye chuma kibichi. Nilipomweleza mzee wa Matondoni hilo hakushangaa. Hapa kwetu jahazi hupakwa shahamu na chokaa chini ya maji, na ni kwa kuwa shahamu haikimbii maji.

Risiva na betri zikae ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko, mbele, mbali na joto. Plagi zikionyesha ukijani zisafishe kwa spiriti na brashi ya meno.

Na weka kinga ya kupotea mawimbi. Risiva nyingi zinakuruhusu kuchagua sevo ziende wapi mawimbi yakikatika. Koki ifunge, usukani uelekee upande mmoja kidogo. Koki ikifungwa presha itapanda na vali ya usalama itapuliza, ndiyo kazi yake. Hilo ni afadhali kuliko mashua inayokwenda kisiwa cha Manda peke yake huku maji ya boila yakiisha. Mkondo wetu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, hauchezewi: maji yakianza kupwa yanabeba chombo kidogo haraka kuliko unavyoweza kupiga makasia. Chagua siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, na saa yakiwa yamesimama.

Mezani ina nguvu, majini haina

Injini za mvuke zinazunguka polepole. Ukiivisha rafadha (pangaboi) ndogo ya mashua ya umeme, itazunguka kwa fujo na mashua isiende. Yangu ilianza na milimita 35, sasa ina 65 yenye mabawa mapana, na inakwenda kwa mvuke pungufu.

Kama rafadha inafaa na bado ni nzito, legeza kiungo kati ya injini na shafti, uzungushe kila upande peke yake. Vyote vikiwa vyepesi peke yake na vizito vikiunganishwa, havikupangana. Kwa mashua ya mbao usipime ikiwa kavu juu ya meza. Iache majini saa nzima kwanza. Mbao huvimba, kiunzi kinajivuta, na shafti iliyokuwa nyoofu asubuhi si nyoofu tena. Shafti iwe ya chuma kisichoshika kutu, bomba lake ulijaze grisi ya boti mpaka itokeze upande wa pili, maana grisi hiyo ndiyo pia inayozuia bahari kuingia kwenye ngama.

Inalala upande

Boila iko juu mno, au ngama ina maji yanayokimbilia upande inakolalia. Kausha ngama kwa sifongo kwanza. Kisha tia farumi, uzito wa chini wa kusawazisha chombo: mimi hutumia chubwi za wavuvi, vile vizito vya mshipi, zilizopangwa juu ya mkuku, zikafungwa zisisogee. Pima boila ikiwa na maji, sio tupu.

Kuilaza

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini na mitambo yake ileile ya mvuke. Hayo yalikuwa maji matamu ya ziwa. Yetu ni ya chumvi, na mashua ndogo isiyopakwa mafuta inashika kutu kwa usiku mmoja.

Ninachofanya nikirudi: nangoja geji ifike sifuri, nafungua kizibo cha boila ikiwa bado ya moto, namwaga maji yote, naiacha ijikaushe kwa joto lake. Namwaga kikopo cha mafuta kwa chini, nalainisha kizibo chake. Natia matone matatu ya mafuta kwenye kila silinda na kuzungusha gurudumu kwa mkono hadi yatokeze dohani. Nje naosha kwa maji matamu, hasa rafadha na sehemu ya chini ya usukani. Kizibo cha boila sikirudishi. Kinalala kwenye kisahani kando yake, tundu likiwa wazi, mpaka asubuhi.